Darubini kwenye Bunduki ya Babu

S.L.P. 41,
Kane, Pennsylvania.
4 Desemba 1985

Mpendwa Shangazi Ludmila,

Hujambo? Goti linaendeleaje na baridi ya huko Alaska? Sisi tu wazima. Mama amepona kikohozi, na theluji imetufika magotini.

Nina habari ya Baba. Mwaka jana alimkosa kulungu dume kwa sababu macho yake hayaoni tena kilengeo cha mbele cha bunduki ya Babu. Jirani yetu Delmar akamkata pindo la shati, kama ilivyo desturi kwa anayekosa, akalipigilia msumari kwenye ukuta wa kambi ya wawindaji. Baba alicheka pamoja na wenzake, lakini mwaka huu akasema haendi kuwinda.

Nikaamua kuifungia bunduki hiyo darubini ya kulengea.

Unaijua bunduki ile ya vita vya kwanza vya dunia. Ilibidi nitoboe matundu manne ya skrubu kwenye chuma kinachoshika mtutu, nacho ni kigumu ajabu. Keekee ya kwanza ilipiga kelele, ikateleza, ikaisha ncha.

"Kipashe moto kilainike, wee msomi!" Delmar akasema.

"Kikilainika chote kitampasukia Baba usoni."

"Basi mwandalie shati. Mkasi ninao!"

Siku mbili maneno yale hayakunitoka. Kisha nikawaza: ugumu uko juu, kama ganda. Nikasugua kwa kijiwe kidogo, mahali pa ukubwa wa punje ya dengu tu, mpaka ganda likaisha. Nikatoboa polepole kwa keekee ngumu zaidi, na mafuta tele. Nyuzi za skrubu nilizikata ndani ya matundu kwa kifaa chembamba cha chuma, robo mzunguko mbele, kisha nyuma.

Tundu la nne, kifaa kikakwama. Kingevunjikia mle, bunduki ya Babu ingeharibikia mikononi mwangu. Nilikirudisha nyuma taratibu. Kikatoka kizima.

Jumatatu msimu wa kuwinda ulifunguliwa, na Baba akaenda. Baba alipiga risasi moja tu: dume lenye pembe za ncha nane!

"Niliona hata kope zake," aliniambia, kisha akageuka kufuta miwani.

Delmar alikosa mara mbili. Baba akanikabidhi mkasi mbele ya kambi nzima. "Kata wewe, fundi." Hakuwa amewahi kuniita hivyo.

Nisalimie mumeo Anton na binamu yangu Zofka. Mungu awape joto na amani.

Kitambaa chekundu kilichomo kwenye bahasha ni cha shati la Delmar. Kitundike ukutani.

Binti wa kaka yako, akupendaye sana,
Thekla