Sauti ya Kheir

Badriya, nisikilize.

Hamed anatengeneza sehemu ya pili ya ile filamu yetu. Nikamwambia, "Kheir ndiye aliyekuwa mwigizaji mkuu, na tushamzika." Akanijibu, "Sauti yake nshaitengeneza kwa kompyuta." Sauti ya maiti, Badriya!

Leo tumekwenda kwa mama yake Kheir, Bi Tahiya, kumwomba ridhaa. Hamed akaiwasha ile sauti: "Mama, nifungulie mlango."

Bi Tahiya akaitika, "Naam, mwanangu!" Akenda kufungua. Kaitika naam, wallahi!

Hamed anamrikodi tu.

Sasa hivi binti yake Bi Tahiya kanipigia analia. Mama hataki mlango ufungwe, kila mwanamume anayepita anamwita Kheir.

Nimemwambia Hamed. Kanijibu, "Kesho turudi na kamera kubwa."