Mama, minji na vampaya

Jumapili

Nilidhani leo nitafukuzwa nyumbani. Mama alirudi kutoka kanisani, akaingia sebuleni na beseni la minji, akamkuta vampaya wangu kwenye TV, msichana mnyonya damu, karibu uchi, akimbusu bibi harusi shingoni. Rimoti ilikuwa mbali.

Aliketi, akaanza kubambua maganda ya minji. "Kwani huyu hasikii baridi? Na hiyo damu si ni tomato sosi!"

Ni kweli. Meno ni ya plastiki, hadithi haina kichwa wala miguu, na nguo zinavuliwa bila sababu. Lakini ule ukungu, ule ukimya, ule mwendo wa ndotoni... Filamu za pesa nyingi hazinishiki hivyo. Niliogopa kumwambia.

Nilipoifikia rimoti, alinishika mkono. "Wacha kwanza. Huyu msichana ako na upweke."

Minji iliisha. Mama hakuinuka.