Banda la sungura wa Daudi

Jumanne, Novemba, Kibondo

Watoto wa sungura wamekufa wote. Upepo wa jana uling'oa bati la banda, mvua ikaingia hadi kwenye kiota. Asubuhi nilimkuta mama yao amejibanza pembeni, anatetemeka.

Mama mkwe, mzaliwa wa Mabamba, mpakani, hakulia. "Upepo wetu unatokea upande wa Burundi, mwanangu. Tuzibe huko." Tukapigilia bati upya, tukafunga turubai upande huo, tukainua sakafu ili maji yapite chini. Hata ua wao wa nje tumeuezeka nusu.

Kutwa nzima niliogopa simu ya mume wangu. Daudi amelazwa Kasulu, na akipiga huanza kuulizia sungura wake kabla yangu. Mama mkwe alinionya, "Mgonjwa hapewi msiba."

Alipopiga nilimwambia. Nilishindwa kumdanganya.

"Na jike?"

"Ameanza kula tangu mchana."

"Mwekeeni nyasi kavu. Nikitoka nataka nimkute."

Tangu alazwe hajawahi kutaja kutoka. Leo ametaja.