Usinitazame Tumbo

Mdogo wangu Zakaria,

Kamwene. Hujambo wewe, na shemeji hajambo? Goti lako la baridi bado linakusumbua, au nalo limeanza kukuogopa kama watoto wako wanavyokuogopa? Mimi huku Chunya nipo, vumbi la puani linatosha kufyatua tofali. Nakuandikia maana simu nikipiga unakata. Barua huwezi kuikata. Ukiichana, shemeji ataokota vipande asome, namjua.

Maneno yako yamenifikia. Eti uliona picha yangu kwenye simu ya mwanao, ukawatangazia watu hapo Ipogolo: "Mwoneni Festo na kitambi chake, anakula dhahabu peke yake. Huyo harudi kulima." Ndipo ukampa mkweo kinyungu changu cha bondeni, bustani ambayo marehemu baba alinigawia kwa mkono wake. Hongera. Umenizika na bado nakula ugali.

Sasa sikia habari za hilo tumbo. Juzi walikuja watu wa afya hapa karashani, tunaposaga mawe ya dhahabu. Walileta mizani ya kukanyaga peku, yenye vishikio vya mikononi. Inapitisha umeme kidogo mwilini, halafu inasema mafuta yako ni kiasi gani na nyama kiasi gani. Vijana kusikia mashine inajua ya ndani, wakatawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Walidhani imeletwa kumkamata aliyemeza dhahabu! Mimi ambaye sijameza kitu ila matusi ya msimamizi, nikawa wa kwanza.

Mashine ikagoma. Nesi, binti wa Kinyakyusa mwenye mdomo, akaniinamia miguuni. "Babu, nyayo zako kavu kama ngozi ya ngoma. Umeme haupiti."

"Hata mwiba haupiti, binti, sembuse umeme wako wa kitoto."

Akachovya kitambaa kwenye maji, akanifuta nyayo, moja moja. Zakaria, tangu mama afe hakuna mtu aliyenishika miguu.

Mashine ikasoma. Nesi naye akanibana ngozi nyuma ya mkono kwa kikoleo, akatikisa kichwa.

"Uzito wako si mbaya, babu, ila umekaa pabaya. Mafuta yamejaa tumboni. Mikononi na mapajani nyama imekwisha."

"Kumbe nimenenepa!"

"Hujanenepa. Umepungua, tumbo linakuficha."

Ndiyo miaka yangu hiyo, mdogo wangu. Mchana viroba vya mawe, jioni ugali kama kichuguu na kopo la pombe ya komoni, basi. Akasema nyama ya uzeeni inaweza kurudi kidogo kidogo, nikila maharage na mayai, na mikono ikipata kazi isiyovunja mgongo.

Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yetu, masikio kama ya punda. Kesho yake nikakuta kiroba changu kiko begani kwa mwingine. "Mzee, mashine imeshasema," akaniambia. Nyama nimeimalizia kwake, halafu ananifukuza kwa kuwa imekwisha.

Kwa hiyo narudi. Nitalala Uyole kwa muumini mwenzetu, Jumamosi nishuke Ipogolo. Nataka kinyungu changu nipande maharage. Mkweo avune alichopanda, sina ugomvi na njaa yake, kisha anipishe.

Nikishuka kwenye basi usinitazame tumbo. Unamkumbuka baba mnadani? Wenzake walisifu ng'ombe kwa tumbo, yeye anapapasa paja na bega, anasema, "Tumbo ni majani tu." Basi na wewe nishike mkono hapa juu ya kiwiko, mbele ya hao hao uliowatangazia, uwaambie umeshika nini.

Nisalimie shemeji msoma vipande. Dada yetu mkubwa mwambie kwaya ya Kilutheri inamvumilia tu, Mungu naye anamvumilia. Shangazi asiyesikia mpigie kelele hadi acheke. Mkweo pia msalimie, ila kwa sauti ya chini.

Na ukitaka kujua nyama yangu ilikwenda wapi, ngoja mvua. Yale mabati niliyokuletea, unayolala chini yake, yakianza kulia usiku, isikilize. Ndiyo yenyewe.

Ni mimi kaka yako wa tumbo moja,
Festo