Mbwa Aliyeko Bafuni Si wa Fundi Viatu

Mama watoto na wanangu,

Mjinga wa leo ni mimi. Naandika mapema msije mkagombania kunipa cheo hicho.

Mbwa mweupe aliyeko bafuni ni wa mwalimu mstaafu. Fungueni mlango kidogo tu, wa kupitisha bakuli la maji. ~~Mpeni na chakula.~~ Chakula basi, ameshatafuna kandambili yangu.

Asubuhi niliosha mbwa wawili weupe, huyu na wa fundi viatu. Niliwavua mikanda ya shingoni isilowane, nikaitundika yote kwenye msumari mmoja. Binti yangu aliniambia, "Baba, wafunge uzi wa rangi." Nikamjibu kwamba mimi nawajua kwa sura. Basi mbwa wa fundi nikamwacha uani kwa mwalimu, mwenyewe hayupo, na huyu nikampeleka kwa fundi.

Sasa narudi kwa mwalimu kwa miguu kumtoa mbwa wa fundi, nimwahi mwalimu kabla hajafika nyumbani; huyu wa bafuni amegoma kutembea, nitamrudia. Hao wawili ndio wateja wetu wote. Wakituacha, narudi kubeba magunia, na mgongo huu hautaki tena.

~~Nitarudi saa nane.~~ Nitarudi nikirudi.

Baba yenu

Mtauliza kwa nini sikujitetea. Nilijitetea sana! Nilimwambia fundi, "Sabuni nzuri humbadilisha mbwa. Hata wewe ukioga vizuri, mkeo atauliza huyu nani." Akainama, akachungulia chini ya tumbo la mbwa, akasema:

"Mzee, wangu ni dume. Sabuni yako inahasi?"