Kompyuta ya Baba Imewaka

Kaka yangu wa tumbo moja,

Sisi huku hatujambo kiasi. Paa halivuji tena, na shangazi bado anagombana na jirani kuhusu ukuta.

Wiki hii kompyuta ya baba ilitutoa jasho. Ukiiwasha, feni inazunguka, inalia mara tatu, lakini skrini inabaki nyeusi. Shangazi akasema, "Hiyo imeshakufa, izikeni tu." Baba akageukia ukutani, akakataa hata kula.

Nikampigia fundi. Akaniambia, "Dada, chomoa waya wa umeme kwanza. Fungua ubavuni, toa kile kibao chembamba cha kumbukumbu, sugua meno yake kwa kifutio cha penseli, kisha kirudishe mpaka usikie 'ta!'" Nilifanya hivyo. Vumbi la humo lingetosha kupandia maharage. Nilipoiwasha ikalia mara moja tu, skrini ikang'aa, na baba akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Ndiyo, kaka, upande mmoja. Alipata kiharusi miezi miwili iliyopita, na sauti ikapotea. Tulikuficha, tukisema tutakuandikia akipata nafuu. Utusamehe. Analotaka kusema huliandika kwenye kompyuta, kwa kidole kimoja.

Nilidhani ataomba chakula. Akaandika, polepole, dakika kumi nzima: "Mwambie kaka yako sipokei simu zake kwa kuwa siwezi kusema. Sijamkasirikia."

Njoo, tafadhali.

Dada yako