Mita Saba na Sentimita Ishirini: Kwa Baba Yetu, Fundi Twaha

Mwaka umetimia sasa, Baba, tangu Ijumaa ile ulipotutoka ukiwa umeshatia udhu, unasubiri adhana. Mpaka leo wapo watu wanaopiga hodi hapa nyumbani Karatu wakimuulizia fundi Twaha, na Mama huwajibu kwa upole kwamba hupo.

Tunaikumbuka penseli uliyoichomeka kwenye kofia. Tunakumbuka ulivyokuwa ukimsubirisha mteja mpaka ukikalie kiti chake wewe kwanza, uegemee, ujitikise. "Sikabidhi kiti nisichokikalia," ulisema. Mimi nilipoacha shule darasa la tano, Mama alipougua, ulinichukua karakana nikushikie tepu ya kupimia. Hukunisema kwa ukimya wangu. Hesabu ulinifundishia juu ya mbao.

Maktaba ya chuo ulichokitengenezea meza ilikuwa na ngazi nne mlangoni, basi. Sironka, mwanafunzi wa kutoka Oloipiri anayetumia kiti mwendo, alikuwa akipandishwa na wenzake mgongoni. Walimpenda. "Panda mjomba, nauli bure!" walimtania, naye alicheka. Kisha akaacha kuja. Joseph, mkutubi, alidhani kijana ameingiwa na uvivu, na mitihani ilikuwa imekaribia. Wewe ulimfuata bwenini ukamuuliza.

"Mzee, mimi nimeshatahiriwa, ni morani," alikujibu. "Anayebebwa mgongoni ni mtoto. Bora nifeli."

Ulirudi nyumbani. Wakati wa chakula ndipo uliposema, "Tulidhani tunamsaidia, kumbe tunamshusha."

Ulikwenda ofisini kwa mkuu wa chuo mara tatu mpaka akakubali ijengwe njia ya mteremko. Patrisi, fundi mwashi, akalaza mbao za majaribio juu ya ngazi.

"Hapo toroli la zege linapanda, kiti kitashindwa nini?"

"Toroli linasukumwa na wewe, Patrisi, na mikono yako hiyo. Kiti anakisukuma mwenyewe aliyekikalia."

Ukaazima kiti cha Sironka, ukakikalia, ukaanza kupanda. Katikati kikarudi nyuma na kukumwaga kwenye majani, kofia kule, wewe huku. Wanafunzi walicheka, nawe ulicheka ukiwa bado chini. Kisha ukaniambia, "Asmaa, tupime upya."

Siku hiyo ulinifundisha: kwa kila sentimita moja ya kupanda, kumi na mbili za kwenda mbele. Ngazi nne zina kimo cha sentimita sitini. Basi njia iwe mita saba na sentimita ishirini. Ulichora mstari kwa majivu, ukaenda mpaka kwenye kivuli panapoegeshwa gari la ofisi. Wiki hiyohiyo ukaondoka.

Lililofuata hukuliona, Baba. Baada ya matanga, Patrisi alikuja kutuambia kwamba ofisi imeamua njia iishie mita tatu na nusu, gari libaki kivulini.

"Nusu si haba, dada," aliniambia.

Nilitamani kaka Muksini aende akaseme, lakini alikuwa Wasso kufunga milango. Nikachukua tepu yako, nikaenda mwenyewe. Mkuu wa chuo aliniuliza nimesomea wapi ujenzi. Nikamwambia, kwa baba yangu. Hesabu ilikuwa ileile: "Mita saba na sentimita ishirini. Pungufu ya hapo Sironka atabebwa tena, na mwenyewe hataki kubebwa. Hatakuja."

Akarudia karatasi zake. Sikuondoka.

Patrisi alikohoa mlangoni. "Mkuu, marehemu alianguka pale mbele yetu sote."

Gari likahamishwa.

Zege lilipokauka, Sironka alikuja. Alipanda polepole, akapumzika katikati, wenzake wakanyoosha mikono. "Acheni," aliwaambia. Waliacha. Aliingia kwa mikono yake mwenyewe, akasogea mpaka kwenye ile meza uliyoiinua ili magoti yapite chini yake, akafungua kitabu. Hakuna aliyepiga makofi. Maktaba ni mahali pa kunyamaza. Mimi nilitoka nje nikalia. Mitihani aliifanya, akafaulu, na sasa yuko mwaka wa pili.

Baba, kazi haijaisha. Mlango wa choo cha maktaba ni mwembamba, kiti hakipiti. Tumegundua kwamba Sironka hanywi maji tangu asubuhi ili asihitaji kutoka. Tumemwambia mkuu wa chuo, na safari hii sikuulizwa nimesoma wapi. Muksini ameshatengeneza fremu pana ya mninga. Jumatatu, Patrisi anavunja ukuta, na mimi ndiye nitakayepima.

Unakumbukwa na mkeo Sikuzani, wanao Muksini, Asmaa na Kauthar, wajukuu zako, ndugu zako wa Karatu na Digodigo, na Joseph, Patrisi na Sironka, ambao nao walikuita Baba.

Mwenyezi Mungu akurehemu na akupe makazi mema. Siku zote tutakukumbuka, nasi tutaendelea na kazi yako.